Majuto, Toba na Ushuhuda: Suala la Kuachilia Yaliyopita katika A Grain of Wheat

Methali ya Waswahili husema kuwa majuto ni mjukuu. Wahakiki wengi huitaja wanapofika mwisho wa riwaya ambamo mhusika ameanguka, na kwa kuitaja huona kazi yao imekwisha. Hata hivyo, taswira iliyomo katika methali hii inastahili kusomwa kwa makini zaidi. Mjukuu huja baadaye. Hilo halina ubishi. Lakini mjukuu pia hukaa nyumbani. Hulishwa, hulelewa, hukua, na mwishowe humrithi babu yake. Kwa hivyo, anayejuta hapatwi na jambo la kupita tu, bali hupata mtu wa kuishi naye. Je, inawezekana kumwachilia mjukuu huyu aende zake? Imani ya Kikristo hujibu kuwa inawezekana. Fasihi ya Kenya imelichunguza jibu hilo kwa uzito ambao uhakiki, uliozama mno katika siasa ya ukombozi, haujautilia maanani ipasavyo. Na yamkini hakuna kazi inayolichunguza kwa uchungu zaidi kuliko A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Makala haya yanadai kwamba riwaya hiyo haieleweki barabara pasipo kuisoma sambamba na utanzu wa ushuhuda, utanzu simulizi uliokita mizizi katika Kenya ya Kati kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki. Inadaiwa pia kwamba riwaya inakubaliana na utanzu huo katika jambo moja, na kuutilia shaka katika jingine. Inakubali kuwa kosa sharti litamkwe. Haina hakika, hata hivyo, kama wapo wa kulipokea.

Kujuta na Kutubu

Kiswahili kimebahatika kuwa na msamiati mpana wa jambo hili: kujuta, kusikitika, kutubu, kuungama, kukiri, kushuhudia. Katika mazungumzo ya kila siku, na kwa bahati mbaya katika tahakiki nyingi pia, maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Kujuta ni kuyatazama yaliyopita. Kutubu, neno lenye asili ya Kiarabu na lililokuwa na makao katika Uislamu wa pwani kabla wamishenari hawajaliazima, ni kurudi: ni kitenzi cha mwendo. Anayejuta huweza kubaki pale alipo maisha yake yote. Anayetubu ameondoka.

Tafsiri ya Biblia ya Union (1952) inaihifadhi tofauti hii. Katika Mathayo 27:3 Yuda anaelezwa kwa kitenzi kujuta, na Kigiriki cha asili nacho hakitumii hapo lile neno la kugeuka nia linalotumiwa pale watu wanapoitwa watubu. Wahubiri hupenda kuishia hapo: Yuda alijuta, Petro alitubu. Lakini masimulizi yenyewe si mepesi kiasi hicho. Yuda hakujuta kimyakimya. Alirudi hekaluni, akazirudisha fedha, akatamka waziwazi kuwa amekosa. Kwa maneno mengine, aliungama. Kilichomwangusha ni wale aliowaungamia: makuhani walimwambia kuwa hilo ni shauri lake, haliwahusu. Naye Petro hasemwi popote katika kisa hicho kuwa alitubu. Inasemwa kuwa alilia. Msomaji wa Injili ya Yohana humkuta baadaye ufuoni, mbele ya moto wa makaa, akiulizwa swali moja mara 3. Alipomkana bwana wake alikuwa pia akiota moto wa makaa, na alikana mara 3. Msimulizi hakuuweka moto huo hapo kwa bahati. Petro haambiwi asahau. Anarudishwa penye kosa lake, na pale pale anakabidhiwa kazi ya kufanya.

Basi tofauti ya Yuda na Petro kifasihi haimo katika wingi wa majuto wala katika ukweli wa maungamo. Imo katika msikilizaji. Mmoja alipata wa kumpokea, mwingine hakupata. Hoja hii itahitajika hapa chini tutakapofika kwa Mugo.

Ushuhuda kama Utanzu

Uamsho ulianza katika miaka ya mwanzo ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ingawa wenyewe hupenda kuutaja mwaka 1929, wakati Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala. Uliingia Kenya mwaka 1937 na kuenea kwa kasi miongoni mwa Waanglikana na Wapresbiteri wa Kenya ya Kati. Historia yake imeandikwa na wengi. Ambalo halijashughulikiwa vya kutosha ni sanaa yake ya usemi.

Ushuhuda wa Uamsho una muundo unaotambulika. Msemaji husimama, husalimu kwa jina la Bwana, kisha husimulia hali yake ya zamani: ulevi, wizi, chuki, uzinzi. Hutaja makosa kwa majina yake, na mara nyingi huwataja aliowakosea, ambao huenda wameketi papo hapo. Halafu huja wakati wa kukutana na msalaba. Mwisho husimulia aliyotenda tangu hapo, hasa kurudisha mali iliyoibwa na kupatana na jirani. Kusanyiko humjibu kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, unaoimbwa hata na wasiojua neno jingine la Kiganda. Wimbo huo si pambo. Ni sehemu ya utanzu wenyewe, kama vile itikio lilivyo sehemu ya kitendawili. Pasipo kuitikiwa, ushuhuda haujakamilika.

Jambo la pili ambalo watu wa nje hulikosea ni kudhani kuwa ushuhuda hutolewa mara moja tu. Wandugu husisitiza kutembea nuruni, yaani kuungama kila juma, hata kosa la jana. Kwa hivyo, kuachilia majuto katika mapokeo haya si kuyafunika yaliyopita kaburini. Ni kuyasema mara kwa mara mpaka yakome kumtawala msemaji. Yule anayetangaza kuwa ameyasahau yaliyo nyuma yake huyataja kila Jumapili. Watu wasioamini huuona huu kuwa unafiki, lakini kwa mwanafasihi ni kanuni ya usimulizi: yaliyopita hulegeza mkono yanaposimuliwa mbele ya watu, si yanapofichwa.

Utanzu huu ulitiwa katika jaribio kali wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Waamsho wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa. Wengine walikataa pia kubeba silaha za serikali. Ngũgĩ aliyajua haya. Katika riwaya, mchungaji Jackson Kigondu anajiunga na kundi hili na baadaye kuuawa. Kigondu hapewi nafasi kubwa, na msimulizi hamwonei huruma nyingi, lakini kuwapo kwake kunathibitisha kuwa kijiji cha Thabai kilikuwa kimekwisha kusikia watu wakisimama na kusema makosa yao hadharani.

Thabai na Msikilizaji Wake

Masimulizi ya wakati wa sasa katika riwaya yanakusanywa katika siku chache zinazotangulia na kufuata tarehe 12 Desemba 1963. Karibu kila mhusika mkuu ana jambo la kujutia. Gikonyo alikiri kiapo akiwa kizuizini kwa hamu ya kurudi kwa Mumbi, na sauti ya hatua zake mwenyewe juu ya saruji, alipokwenda kukiri, inamfuata kwa miaka. Mumbi alizaa na Karanja wakati mumewe yuko kizuizini. Karanja aliuza utu wake kwa serikali ya kikoloni. Naye Mugo alimsaliti Kihika, ndugu yake Mumbi, akanyongwa mtini mbele ya watu.

Msuko wa riwaya una kinaya kikuu kimoja. Wote hawa, isipokuwa Karanja, wanakwenda kwa Mugo. Gikonyo anamfungulia moyo usiku. Mumbi anamfungulia moyo. Chama kinamwomba ahutubie siku ya Uhuru kwa sababu alivumilia mateso ya kambi ya Rira bila kusema neno. Ukimya wa mtu mwenye hatia umechukuliwa kuwa ukimya wa mtakatifu. Mugo amefanywa padre wa kitubio na watu wasiojua kwamba yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kitubio, na kila anayeungama kwake anamwongezea mzigo. Msomaji mwangalifu ataona kuwa Mugo hajibu chochote cha maana. Gikonyo anaondoka akiwa na fadhaa kuliko alivyokuja. Maungamo yametolewa, wimbo haukuimbwa.

Wapo watakaosema kuwa ufanano huu na ushuhuda ni wa kubahatisha, kwani muundo wa kisa cha Mugo umetoka kwa Joseph Conrad. Ni kweli kwamba katika Under Western Eyes (1911) Razumov anamsaliti Haldin, anaungama kwanza kwa dada wa marehemu, kisha kwa wanamapinduzi, na kuadhibiwa. Mugo anafuata hatua hizo hizo. Uhakiki ulikwisha kulibainisha deni hili tangu miaka ya 1970, na kulikana ni kujisumbua. Lakini deni kwa Conrad linaeleza mfululizo wa vitendo vya mtu mmoja tu. Razumov ni mwungamaji wa pekee katika ulimwengu wa wapelelezi. Thabai, kinyume chake, ni kijiji kizima kinachoungama, ambapo kosa la mmoja linafungua kinywa cha mwingine. Gikonyo anapokiri, Mumbi anapata nguvu ya kukiri. Mumbi anapokiri, Mugo hawezi tena kunyamaza. Mwambukizano huu wa maungamo hautoki Geneva ya Conrad. Wazee wa Kiambu walioshuhudia mikutano ya Uamsho wangeutambua mara moja.

Mugo anaungama mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa Mumbi, usiku, nyumbani kwake, na maungamo hayo yanakaribia kuwa shambulio. Mumbi anatishika, lakini hamtangazi. Hataki mtu mwingine auawe kwa ajili ya damu ya ndugu yake. Hapo riwaya inafika karibu na msamaha kuliko mahali pengine popote, na inafaa kukumbukwa kuwa aliyekaribia ni mwanamke mwenye haki zaidi ya wote ya kudai kisasi.

Mara ya pili ni mkutanoni. General R. amewahutubia watu na kumtaka msaliti ajitokeze, akidhani ni Karanja. Anayepanda jukwaani ni Mugo. Msimulizi anatuambia kwamba alipotamka maneno ya kwanza Mugo alihisi wepesi, mzigo wa miaka ukamtoka mabegani; kisha, bila kupumua, anaongeza kuwa hali hiyo ilidumu kwa dakika moja tu. Dakika hiyo moja ndiyo kiini cha riwaya. Kila kitu ambacho utanzu wa ushuhuda unaahidi kimetimia ndani yake: kosa limetajwa kwa jina, mbele ya waliokosewa, bila kujitetea. Halafu kusanyiko linainamisha vichwa. Watu wanampisha njia apite na kuyakwepa macho yake. Hakuna anayemzomea, hakuna anayemkumbatia, hakuna anayeanzisha wimbo. Kama Yuda hekaluni, ameungama kwa watu wanaoona kuwa hilo ni shauri lake. Baadaye General R. na Koina wanakuja kumchukua.

Wahakiki wanaouona mwisho wa Mugo kuwa ni haki ya kimapinduzi wamesoma nusu tu. Wanaouona kuwa ni ukombozi wa kiroho, kwamba ameondoka duniani akiwa huru, wamesoma nusu nyingine, tena kwa kuhurumia kupita kiasi. Maandishi hayaungi mkono lolote kati ya hayo kikamilifu. Mugo alipata ukweli. Hakupata ndugu.

Mbegu na Mtesaji

Anwani ya riwaya inasomwa kwa kawaida kupitia Yohana 12:24, aya iliyopigiwa mstari katika Biblia ya Kihika: mbegu ya ngano isipokufa haizai. Kwa usomaji huo mbegu ni Kihika, na mavuno ni Uhuru. Lakini dondoo inayotangulia riwaya nzima haitoki kwa Yohana. Inatoka 1 Wakorintho 15, ambapo Paulo anamjibu mtu anayeuliza juu ya ufufuo. Jambo ambalo halijazingatiwa ni kwamba katika sura hiyo hiyo, aya ya 9, Paulo anajitaja kuwa mdogo kuliko mitume wote kwa sababu alilitesa kanisa. Sura inayozungumzia mbegu imeandikwa na mtu mwenye damu mikononi, na anakumbusha hilo kabla hajafika kwenye mbegu.

Huyu ndiye Paulo ambaye, akiwaandikia Wafilipi, anasema anayasahau yaliyo nyuma na kuyachuchumilia yaliyo mbele. Ahadi hii hunukuliwa sana na wale wanaohubiri kuachilia majuto. Aghalabu hawasemi kwamba mistari michache kabla ya hapo, katika sura hiyo hiyo ya 3, Paulo ametaja tena kuwa alilitesa kanisa. Kusahau kwake si kufuta. Anakumbuka kila kitu ila haongozwi nacho.

Tukiisoma anwani kwa njia hii, mbegu inayopaswa kufa si Kihika peke yake. Ni Mugo pia, mtesaji ambaye, laiti kungekuwa na Anania wa kumwekea mikono na kumwita ndugu kama ilivyokuwa Dameski, angeweza kuwa mwenye kujenga. Kwamba Anania hakutokea Thabai ndiyo hasara ambayo riwaya inaililia.

Kigoda cha Gikonyo

Sura ya mwisho, Harambee, inatokea hospitalini, ambapo Gikonyo amelazwa akiwa amevunjika mkono katika mashindano ya mbio. Ni seremala, na kwa muda mrefu amefikiria kuchonga kigoda cha kumpa Mumbi. Sasa analiwaza umbo lake upya. Mumbi anapokuja na Gikonyo kuonyesha kuwa yuko tayari kuanza upya, yeye anakataa wepesi huo. Kwa ufupi anamweleza kuwa yaliyotokea baina yao ni makubwa mno kupitishwa kwa sentensi moja. Wanahitaji kuketi, kufunguliana mioyo na kuyachunguza kabla ya kupanga yajayo.

Kwa maoni ya makala haya, hili ndilo jibu bora zaidi la riwaya kwa swali la majuto, na ni jibu lililo karibu na mapokeo ya kutembea nuruni kuliko mwandishi mwenyewe ambavyo huenda angekubali. Mumbi hakatai kusonga mbele. Anakataa kusonga mbele kwa kuruka. Gikonyo alitaka kuyaacha yaliyopita bila kuyasema. Mumbi anataka yasemwe ndipo yaachwe. Na uamuzi wa Gikonyo wa kumchonga mwanamke aliye mjamzito unafuata mazungumzo hayo, hauyatangulii. Anayesoma haraka hukimbilia mimba hiyo kama ishara ya taifa jipya na kusahau kwamba ilibidi kwanza mwanamke aseme hapana.

Yawezekana kupinga kuwa Ngũgĩ hakuwa mwandishi wa Kikristo. Mwaka 1970, akihutubia Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alitangaza wazi kuwa yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo, na baadaye akaliacha jina la James. Hadi kifo chake mwezi wa Mei 2025 hakuubadilisha msimamo huo. Lakini uhakiki hauchunguzi imani ya mtunzi. Unachunguza miundo ambayo kazi yake inaishi ndani yake. Mtu aweza kulihama kanisa na kuendelea kuufikiria ulimwengu kwa mpangilio wa ibada zake.

Isitoshe, shaka ya riwaya kuhusu wasikilizaji si ya kidini peke yake. Agosti 1963, mjini Nakuru, Jomo Kenyatta aliwaambia walowezi kuwa huu ni wakati wa kusameheana na kusahau. Maneno hayo yalikuwa na lafudhi ya kimimbari, lakini yaliruka hatua ya katikati: hakuna aliyesimama kusema alichotenda. Nusu karne baadaye, tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alilieleza Bunge la nchi yake kuwa serikali inajuta kwamba mateso yalitokea Kenya wakati wa Hali ya Hatari, na kwamba walalamishi 5,228 wangelipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Papo hapo serikali hiyo iliendelea kukana dhima ya kisheria. Oktoba 2023 Mfalme Charles III alizuru Nairobi, akatamka huzuni na majuto, asiombe radhi. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji mwanasheria wa kumweleza kilichotokea. Serikali ilichagua kitenzi cha kutazama nyuma na kukiepuka kile cha kurudi. Wazee waliohojiwa baada ya matamko hayo walisikika wakiuliza swali ambalo Mumbi aliuliza kando ya kitanda cha mumewe, ijapokuwa kwa maneno mengine.

Imebaki kumtaja Wambui. Ni mwanamke mkongwe, mpiganaji wa zamani aliyebeba silaha ndani ya nguo zake, na mmoja wa waliomhukumu Mugo. Katika sura inayotangulia ile ya hospitalini anakaa nyumbani na Warui, mvua nyembamba ikinyesha nje, baada ya mambo yote kwisha. Wazee hawa wawili hawaelewani vizuri. Kila mmoja anazungumza na nafsi yake. Wambui ananung'unika kuwa huenda hawakupaswa kumhukumu mtu yule. Warui hana la kumjibu. Halafu Wambui anayarudisha mawazo yake kwenye kazi za nyumba yake, kana kwamba kuna kazi ambayo ilikuwa imesahauliwa. Majuto haya mapya hayana kambi ya kuyaelezea, wala jukwaa, wala kusanyiko. Riwaya haikumpa Wambui mtu wa kumsikiliza, na sura inafungwa bila yeye kuinuka kufanya lolote.